Zima Rola, Anko

Kambi ya Barabara, kaskazini ya Lodwar
9 Februari 2025

Kwa Watiri,

Leo ni tarehe tisa Februari, na ni miezi sita tangu nitoke Ruring'u, Nyeri, juu ya trela, mimi na rola yangu ya kushindilia barabara, kama ng'ombe anayepelekwa soko la mbali. Nakusalimu. Msalimie mamako, dada yangu Gladwell, umuulize goti lake linaendeleaje na kama bado anakataa kutumia fimbo. Mwambie viazi vya Endarasha vinafika hapa vikiwa vizuri, na wapishi wa kambi wanaviharibu.

Mimi ni mzima. Midomo imepasuka kwa upepo na macho yamejaa mchanga, lakini mzima. Maji tunaletewa na lori la boza, na yakichelewa tunaoga kwa kitambaa. Mgongo usiniulize.

Naandika barua kwa sababu simu haishiki hapa. Kuna kilima ambacho vijana hupanda jioni wakitafuta mawimbi, lakini mtu aliyeshinda juu ya rola hapandi kilima. Kahiga wa Karatina, dereva anayetuletea viazi na kabeji kila mwezi, atakuwekea karatasi hii kwa dashibodi. Na naandika Kiswahili kwa sababu Kikuyu chako, cha kwa babako, siwezi kukiandika, na Kichuka changu hukutaka kujifunza.

Sasa neno lenyewe. Kahiga aliingia ofisi ya kampuni huko Nyeri kuchukua vipuri, akamkuta Wamae, yule msimamizi wetu, akicheka na makarani. Wamae anawaambia, "Mugendi alitupwa jangwani na mtoto wa dada yake mwenyewe." Ati karatasi ya kulalamika kwamba rola inatikisa mashine ya chuo chenu ilikuwa na jina lako chini.

Nilimwambia Kahiga akina Watiri ni wengi Nyeri.

"Wanaofanya kazi kwa ile mashine ni wangapi?" akaniuliza.

Kwa hivyo nakuuliza wewe. Ni wewe au si wewe? Nijibu kwa neno moja. Usinipe somo.

Ni mimi,
Mugendi


Ruring'u
23 Machi 2025

Mpendwa Mjomba,

Nakusalimu sana, na Mama anakusalimu. Mvua imeanza. Kule Endarasha amepanda minji upande wa juu na viazi upande wa mtoni. Goti ni lile lile. Fimbo anayo, lakini anasema ni ya kufukuza mbuzi wa jirani, si ya kutembelea. Amesema ule vizuri na usigombane na wapishi.

Mwandiko wako umebadilika, Mjomba. Herufi zinatetemeka. Je, uliandika lori likienda?

Umesema nisikupe somo, lakini bila kujua kazi yangu huwezi kujua kilichotokea, kwa hivyo nivumilie. Mashine yetu haina hewa ndani. Tunaingiza gesi kidogo sana yenye chuma, kwa sindano nyembamba. Halafu tunashusha mwale wa elektroni, mwembamba kuliko kitu chochote ulichowahi kushika. Mahali mwale unapogusa, gesi inavunjika, na chuma kinabaki pale pale. Tukiusogeza mwale polepole, chuma kinajijenga juu ya chuma na kupanda. Tukiuharakisha, uzi unainama, na ukizidi kuharakisha unalala kabisa. Ukiuzungusha, uzi unapanda ukijisokota, kama ule mkono wa minji unavyokishika kijiti. Nyuzi hizo ukizipanga ubavu kwa ubavu, mamia yake hayajazi upana wa unywele mmoja wa kichwa chako.

Kila uzi ni sumaku. Sumaku zilizochorwa zikiwa zimelala zimekuwepo siku nyingi. Zetu zimesimama. Ndani ya uzi kuna sehemu ambapo sumaku inaelekea juu na sehemu inapoelekea chini, na zinapokutana pana mpaka. Mpaka huo unaweza kusukumwa. Siku moja watu wataweka kumbukumbu ndani ya nyuzi kama hizi, jinsi simu inavyoweka picha, lakini kwa nafasi ndogo zaidi kwa sababu tunajenga kwenda juu, kama ghorofa.

Sasa fikiria mwale unachora kitu kama hicho, na nje ya ukuta kuna rola inatetemesha ardhi. Mwale unaruka. Uzi unapata kona katikati. Wiki nzima inaharibika.

Kuhusu karatasi, ni chuo kilichoandika. Tuliulizwa, tukasema tunasumbuliwa. Tuliomba rola isitetemeshe mchana tu, mashine inapochora. Hatukutaja mtu, na hatukuomba mtu ahamishwe. Hilo ni la Wamae. Na mimi sikujua ni nani aliyekuwa juu ya rola. Ukiwa ndani ya maabara huoni barabara.

Nakuombea kwa Mungu.

Wako,
Watiri


Kambini
18 Mei 2025

Watiri,

Salamu nimezipokea. Mwambie mamako minji isipovunwa mapema ndege wataimaliza, kama mwaka ule. Hapa kumenyesha siku moja, barabara yote tuliyoshindilia ikaondoka na mto ambao jana yake haukuwepo. Tumeanza upya. Mwandiko wangu achana nao.

Nilikuomba neno moja, ukanipa kurasa tatu. Nimezisoma zote. Nilisoma Jumapili nzima, na nilipomaliza nilikuwa nimejua vile chuma kinatoka kwa gesi na sijajua kama wewe ni mtu wa kuaminika. Uzi unapanda kama minji. Vizuri. Mimi napanda rola tangu jua lichomoze.

Na umeniita Mjomba, kama kitabu cha shule. Ulipokuwa nyumbani uliniita Anko. Buti lako la mvua liliposhikwa na matope ya Endarasha ukabaki umesimama kwa mguu mmoja unalia, hukusema "Mjomba". Ulipiga kelele "Anko" mpaka mbwa wa jirani wakaja. Nikaingia matopeni na suruali ya kanisa.

Sasa nikuambie vile Kahiga aliniambia. Alipofika kwa geti lenu kuchukua barua, hukutoka. Ulimtuma msichana anaitwa Anita, mnayefanya kazi naye. Anita akasoma bahasha.

"Mugendi?" akasema. "Kwani Mugendi ni mtu?"

"Ni mtu," Kahiga akamwambia. "Ameketi kwa rola huko Turkana. Kwenu ni nini?"

"Kwetu ni kasoro. Uzi ukipinda katikati tunasema umepata mugendi. Watiri ndiye alianza. Rola ikinguruma anasema, 'Mugendi ameanza.' Tukamuuliza ni nini hiyo, akasema ni neno tu la kwao, maana yake msafiri, kitu kinapita njia."

Kahiga alinisimulia hayo tukishusha kabeji. Nilikuwa nimeshika gunia. Nililiweka chini kabla sijalirusha.

Kwa hivyo hukujua ni nani aliye juu ya rola, lakini jina lake ulijua. Ulilitaja kila siku huko ndani. Kisha ulipoulizwa ni la nani, ukasema si la mtu. Neno tu. Kitu kinapita.

Jina hilo nilipewa la babu yangu mzaa baba. Alilibeba Chuka yote, alibatizwa akawekewa lingine mbele yake, na bado watu wakamwita hilo. Alizikwa nalo. Hakuna aliyewahi kuliweka kwa kitu kilichoharibika, hata kwa punda. Wewe mwenye shahada mbili ndiye umelipatia uzi uliopinda.

Na kwa kuwa tumefika hapo, nitasema na lile nililokuwa nimekaa nalo. Siku wageni walikuja, wale waliowapa hiyo mashine, ulitoka nao mpaka kwenye ua wa waya. Ulikuwa na koti jeupe. Nilizima rola nyinyi msipigiwe kelele. Nilivua kofia. Kati yangu na wewe kulikuwa na waya na mtaro, basi. Wewe ukanyoosha mkono juu ya kichwa changu ukasema, "Ule ni Mlima Kenya," kana kwamba watu hao hawana macho. Kisha ukawageuza mkaingia ndani.

Utaniambia ukiwa nje pia huoni barabara?

Mugendi


Kambini
6 Julai 2025

Watiri,

Kahiga amekuja na viazi bila barua. Mwezi uliopita pia alikuja na viazi bila barua. Anasema anapita getini anapiga honi na mlinzi anamwambia uko kazini.

Mimi pia niko kazini.

Msalimie Gladwell. Yeye hajanikosea.

Mugendi


Ruring'u
24 Agosti 2025

Mjomba,

Mama anakusalimu. Minji ilikuwa nyingi na ndege hawakuila. Nilikuwa namsomea barua zako, lakini hii ya Mei alinizuia katikati. Alisema hataki kusikia zaidi, na kwamba wewe na mimi tulipewa kichwa kimoja na kila mtu anafikiri ni chake. Amekutumia shuka la kujifunika usiku. Liko chini ya viti vya lori, Kahiga amelifunga kwa kamba ya mkonge.

Sikuandika kwa sababu nilikuwa na hasira, na bado ninayo. Umeandika mambo yangu yote. Sasa niandike yako.

Kwenye ua wetu kuna kibao. Anita alikipigilia misumari mwenyewe, Kiswahili kikubwa, herufi nyekundu: tafadhali usitetemeshe rola hapa mchana. Unajua kusoma. Na unajua rola inaweza kwenda bila kutetemesha. Ulinionyesha ile swichi nikiwa mdogo, kule barabara ya Kiganjo, ukaniruhusu niibonyeze. Mchana ukifika ulikuwa unaleta rola kwenye kona yetu. Si barabara nzima. Kona yetu. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Ardhi ya pale ilikuwa imeshashikana, hata mimi ambaye si mtu wa barabara niliona, chembe ya vumbi haikuwa ikitoka. Wenzako walikuwa wamefika mbali huko uwanja wa michezo. Ulikuwa unashindilia nini, Mjomba?

Nilikaa kwa kiti changu nikiangalia kwenye skrini uzi nilioulea tangu asubuhi ukipigwa teke. Nilijua ni nani anaupiga. Ndiyo, nilijua. Ungefanya nini ungekuwa mimi? Usiniambie ungevumilia, wewe hujawahi kuvumilia hata mpishi.

Kwa hivyo ndiyo, jina langu liko kwenye karatasi. Hilo ndilo neno moja ulilotaka. Lakini sikuandika uende Turkana. Wamae alikuwa anawatafuta nyinyi mliodai viatu vya kazi, na ilimfaa kusema ni chuo. Watu wote waliopelekwa nawe ni wale waliodai viatu. Umewahi kujiuliza hilo? Hapana, kwa sababu ilikuwa rahisi kunikasirikia mimi.

Na ile kofia ya kijani yenye kishada sikuiona. Nilikuwa na wageni na jua lilikuwa machoni.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini kuna jambo la kazi ambalo ni haki ulisikie kwangu kabla hujasikia kwa Kahiga, naye alisikie vibaya kwa Anita. Zile nyuzi zilizopinda hatukuzitupa. Mashine ya kuzichora ilikuwa na shida ya pampu, basi tukazipima hizo hizo ili tusikae bure. Nilikuambia kuna mpaka ndani ya uzi, na kwamba unasukumwa. Shida yetu miaka yote ni kwamba mpaka huo hautulii. Ukiusukuma kidogo unateleza mpaka mwisho wa uzi na kupotea, na kitu kisichotulia hakiwezi kuweka kumbukumbu. Kwenye uzi wenye kona, mpaka ulifika pale kwenye kona ukasimama. Tukausukuma tena, ukakaa. Ilibidi tuongeze nguvu mara nyingi ndipo ukatoka.

Sasa tunatengeneza kona kwa makusudi. Tunausimamisha mwale kidogo katikati ya safari, tunausogeza pembeni, kisha tunaendelea. Kila uzi una tatu au nne. Wote hapa wanaziita mugendi. "Weka mugendi hapa." "Mugendi wa pili ni dhaifu." Siwezi kuwanyamazisha, na sijui kama nataka.

Anita anajua wewe ni nani. Wengine hawajauliza.

Mwandiko wako unazidi kutetemeka. Mara hii usiniambie niachane nao. Mkono una nini?

Watiri


Kambini
2 Novemba 2025

Watiri,

Mwambie Gladwell shuka limefika na nalilalia kila usiku, hata kama joto la hapa halitaki shuka. Mwambie pia asiseme tulipewa kichwa kimoja, kwa sababu changu kilitangulia na kama kuna aliyeibiwa ni mimi. Nimechelewa kujibu. Nilianza barua mara nyingi nikaipasua.

Wacha nianze na la viatu. Niliuliza wenzangu jioni tukiwa tumeketi. Tukahesabiana kwa vidole, huyu alidai, huyu alidai, yule alidai. Ni kweli. Wote. Ngatia, mzee wa Mweiga anayelala kitanda cha juu yangu, akasema, "Kwani ulikuwa hujui? Sisi tulidhani unamkasirikia msichana kwa sababu Wamae yuko mbali na ngumi yako." Nikamwambia anyamaze alale. Lakini Wamae nimemweka pahali pake, na hasira ya Wamae nimeitoa kwako nikampelekea mwenyewe. Iliyobaki ni yako.

Kona yenu niliirudia makusudi. Kibao nilikisoma. Ardhi ilikuwa imeshikana tangu siku ya kwanza. Ulinipita kama nguzo ya stima, nikaona basi, hutaniona lakini utanisikia. Hayo ndiyo nilikuwa nashindilia. Sikuombi msamaha, kwa sababu ungenipita tena leo ningefanya vile vile.

Sasa kofia. Soma barua yangu ya Mei, kama hujaichoma. Niliandika kwamba nilivua kofia. Sikuandika ya kijani. Kishada sikukitaja. Siku zote nilikuwa navaa ile ngumu ya kazi. Ya kijani nilivaa siku hiyo moja kwa sababu ya baridi. Jua lilikuwa machoni mwako na bado ukaona kishada.

Nilicheka kidogo nilipofika hapo. Kisha nikakasirika zaidi, kwa sababu hata ukiwa umejipanga vizuri kudanganya, bado unaniona.

Kuhusu jina. Nimefikiria hiyo habari ya kona inayosimamisha mpaka. Unaniambia kama zawadi, na labda ni zawadi, lakini hakuna mtu aliyeniuliza. Mlinitaja mlipoharibikiwa, mkanitaja mlipofaulu, na mara zote mbili nilikuwa nje ya ukuta. Mugendi ni mtu wa kwenda. Huko kwenu sasa kazi yake ni kusimamisha vitu, na mimi niliyebeba jina ndiye nimesimamishwa hapa mchangani zaidi ya mwaka. Wenzako wasiouliza, uwaambie bila kuulizwa.

Mkono. Unatetemeka. Rola ikiwa imezimwa, unatetemeka. Nikishika kikombe kinaimba kwenye meno. Nimekuambia ili usiulize tena kwa barua, na usimwambie Gladwell. Wewe ukisema mwale wako unaruka kwa sababu ya rola, unafikiri kuna mtu anayeelewa hilo kuliko mimi?

Sasa sikiliza. Kampuni inarudi kumaliza kipande cha Ruring'u, kwa sababu mvua ya mwaka huu imefumua kile walichokifanya wakiwa na haraka. Rola inarudi, na mwenye kuiendesha ni mimi, kwa kuwa Wamae hana mwingine anayejua gia yake ya pili. Kipande ni kile kile. Kona yenu imebomoka yote, na safari hii itahitaji kushindiliwa kweli. Nitatetemesha asubuhi, na mchana pia nitatetemesha. Kibao chenu sitakisoma.

Ukituma karatasi, nitashindilia mpaka Krismasi.

Lakini ukitaka kimya, utatoka mwenyewe. Si Anita, si mlinzi. Utatoka na koti lako jeupe, wenzako wakiwa dirishani, na wageni kama wapo ni sawa pia. Utakuja mpaka kwa waya. Utasema kwa sauti ya kusikika juu ya injini, na usiniite Mjomba. Utasema, "Zima rola, Anko."

Nitazima. Nitaketi pale juu nimezima mpaka uzi wako umalize kupanda, na Wamae akija kupiga kelele atatupigia sisi wawili. Siku hiyo labda mkono nao utapumzika.

Rola inapakiwa kwa trela wiki ya kwanza ya mwezi ujao, na mimi nakuja na Kahiga, juu ya magunia matupu. Jumapili nitalala kwa Gladwell, Endarasha. Jumatatu tarehe nane Desemba, asubuhi, nitakuwa nje ya ukuta wenu. Kofia ni ile ile ya kijani.

Anko wako,
Mugendi